Kishungi cha Njiwa na Swali la Kilichofichika

Kishungi cha njiwa wa kufugwa hakitokani na manyoya ya ziada wala na kiungo kipya. Ni manyoya yale yale ya kisogoni yaliyoota kinyume: badala ya kulala yakielekea mgongoni, kama yanavyolala kwa njiwa mwitu wa majabalini ambaye ndiye asili ya njiwa wote wa kufugwa, yameinuka yakaelekea juu na mbele. Kwa baadhi ya aina manyoya hayo hukutana katikati ya kisogo yakafanya ncha moja. Kwa nyingine hujipanga kutoka sikio la kulia hadi la kushoto, na wafugaji wa Ulaya wakalifananisha umbo hilo na kombe la baharini. Kwa nyingine tena mgeuko huo huteremka hadi shingoni na manyoya yakasimama pande zote mbili. Aliyefikishwa mbali kuliko wote ni njiwa aitwaye Jacobin, ambaye manyoya ya kisogo na shingo yake yamerefuka na kugeukia mbele yote kwa pamoja, hata mtu akimtazama kwa ubavuni haoni jicho wala mdomo, anaona duara la manyoya tu. Jina lake lilitokana na watawa wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, ambao huko Paris waliitwa Wajacobin, kwa sababu ya kofia iliyoshonwa kwenye joho lao. Na njiwa mwingine wa jamii hiyo, Capuchine, alipewa jina la watawa Wakapuchini kwa sababu iyo hiyo.

Kinachokifanya kishungi kiwe swali la falsafa na la dini, mbali na kuwa suala la ufugaji, ni namna kinavyotokea. Njiwa mwenye kishungi akipandishwa na asiye nacho, na huyu wa pili akiwa wa ukoo usiochanganyika, makinda yote hutoka na visogo laini, na mtu asiyejua nasaba yao hana alama yoyote ya kumwonyesha kwamba mmoja wa wazazi alikuwa na kishungi. Makinda hayo yakikua na kuzaana yenyewe kwa yenyewe, kishungi hurudi, kwa wastani wa kinda moja katika kila manne. Na kwa kuwa njiwa hutaga mayai mawili tu kwa mzao, inaweza kupita mizao kadhaa pasipo kuonekana chochote, mpaka mfugaji amekwisha kukata tamaa. Kishungi kinaporudi hakiji kimepunguka wala kimechakaa. Wataalamu wa urithi huiita sifa ya namna hii sifa fifi, kwa maana kwamba haijitokezi ila kiumbe awe ameipokea kwa baba na kwa mama pia. Aliyeipokea kwa mzazi mmoja tu huibeba na kuirithisha bila yeye mwenyewe kuionyesha. Hesabu ya mmoja kwa wanne iliwekwa wazi na mtawa Gregor Mendel katika maandishi yake ya mwaka 1866 juu ya mimea ya njegere, na inawahusu njiwa vilevile. Lakini hesabu haijibu swali lililo chini yake: katika kile kizazi cha kati, ambacho visogo vyote vilikuwa laini, kishungi kilikuwa wapi?

Swali hilo ni la zamani kuliko Mendel, na wasomaji waliolelewa katika elimu ya hadithi za Mtume wanalijua kwa sura nyingine. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu wa kabila la Banu Fazara alimjia Mtume Muhammad akiwa na shaka, kwa sababu mkewe alikuwa amezaa mtoto mweusi asiyefanana naye. Akaulizwa kama ana ngamia, akaulizwa rangi zao, akasema ni wekundu. Akaulizwa kama hakuna miongoni mwao wa rangi ya kijivujivu, akakiri kwamba wapo. Na alipotakiwa aeleze rangi hiyo imetoka wapi, jibu pekee aliloweza kulitoa ni kwamba huenda imevutwa na asili ya mbali katika nasaba yao. Hapo akaambiwa kwamba huenda na mwanawe amevutwa vivyo hivyo. Wanasheria walilichukua tukio hili kuwa dalili kwamba kutofanana peke yake hakutoshi kumkana mtoto, na hukumu hiyo imelinda heshima ya wanawake na watoto wengi. Kwa upande wa falsafa, kinachostahili kutazamwa ni kwamba mfugaji alipewa jibu kutoka katika zizi lake mwenyewe, na kwamba jibu hilo linachukulia kuwa jambo la mababu linaweza kupita katika miili isiyolionyesha.

Mjini Basra, katika karne ya 9, fikra hii ilipata nadharia yake. Ibrahim al-Nazzam, mwanazuoni wa madhehebu ya Mu'tazila, alifundisha kwamba vitu vimefichika ndani ya vitu: moto umo ndani ya kuni kabla haujawashwa, mafuta yamo ndani ya ufuta, na kinachoitwa kuzuka ni kutoka tu katika maficho. Wapokezi wa rai zake wanaeleza kwamba aliifikisha mbali zaidi, akasema Mungu aliumba watu, wanyama, mimea na madini kwa mara moja, na kwamba kutangulia na kuchelewa kwao ni kwa kudhihiri, si kwa kuumbwa. Mwanafunzi wake al-Jahiz aliuhifadhi mjadala huo katika kitabu chake kikubwa juu ya wanyama, na ni katika kitabu hicho hicho alipoandika kwa kirefu juu ya njiwa, juu ya wafugaji wa Basra waliozichunga nasaba za ndege wao kama zinavyochungwa nasaba za watu, na juu ya bei kubwa walizotozana kwa ndege wa ukoo unaojulikana. Haipo sababu ya kudai kwamba al-Jahiz aliyaunganisha mambo hayo mawili. Hata hivyo yamekaa katika kitabu kimoja, na msomaji wa leo, akijua anayoyajua juu ya sifa fifi, hawezi kuyasoma bila kuyaunganisha. Karne nne kabla yao, Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, naye alikuwa ameandika katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo kwamba Mungu aliumba yote kwa pamoja na kuweka ndani ya ulimwengu sababu zilizo kama mbegu, zichipue kila moja kwa wakati wake. Augustino na al-Nazzam hawakusomana, lakini walisukumwa na haja moja, nayo ni kuulinda ukamilifu wa tendo la kuumba dhidi ya dhana kwamba Muumba angali akiongezaongeza.

Walikuwapo walioikataa rai hiyo kwa hoja yenye uzito usio mdogo. Wanatheolojia wa Ash'ari, ambao akida yao ndiyo iliyosomeshwa kwa karne nyingi katika vyuo vya pwani ya Afrika Mashariki, waliona kwamba kusema moto umo ndani ya kuni ni kuipa kuni uwezo usio wake. Kwao sifa yoyote ya mwili, iwe rangi, joto au mwendo, haidumu kwa nafsi yake. Huumbwa upya kila wakati na Mungu, na kile tunachokiita sababu ni desturi tu ambayo Mungu ameiendesha. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitetea hoja hii kwa mfano wa pamba na moto: jicho linaona kuungua kukitokea pamoja na mguso, halioni kuungua kukitokea kwa sababu ya mguso. Kwa mtazamo huu, kishungi cha mjukuu hakikuwa mahali popote katika kizazi cha kati. Kimeumbwa sasa, katika kinda hili, na kufanana kwake na cha babu kunatokana na uaminifu wa Muumba kwa desturi yake.

Basi rai ni mbili: kishungi kilikuwapo kimefichika, au hakikuwapo kabisa na kimeumbwa upya. Mzozo huo ulibaki bila njia ya kuamuliwa kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeweza kupachungulia mahali palipodaiwa kuwa ni maficho. Leo pamechunguliwa.

Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Michael Shapiro wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, pamoja na wenzao wa China na Denmark, walichapisha katika jarida la Science usomaji wa jenomu ya njiwa, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli, wakilinganisha ndege wa aina nyingi, wenye vishungi na wasio navyo. Walipotafuta mahali ambapo wenye vishungi wote wanakubaliana na kutofautiana na wengine, walifikishwa kwenye jeni moja iitwayo EphB2. Jeni hiyo hutengeneza protini iliyopenya utando wa seli, sehemu yake moja ikiwa nje, ikipokea ishara kutoka kwa seli jirani, na sehemu nyingine ndani, ikiipeleka ishara hiyo mbele. Kwa njiwa wenye vishungi, katika ile sehemu ya ndani, kijenzi kimoja cha protini kiitwacho arginini, kilicho katika nafasi ya 758, kimebadilishwa na kingine kiitwacho sisteini. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Tena ni ile ile kwa Jacobin mwenye joho la manyoya na kwa njiwa mwenye ncha ndogo kisogoni, pamoja na maandishi yanayoizunguka pande zote, jambo lililowafanya watafiti waamini kwamba badiliko hilo lilitokea mara moja tu zamani na likaenezwa na wafugaji kwa kuchanganya mbegu, huku jeni nyingine zikiamua ukubwa na mapana ya kishungi.

Kazi inayofanywa na badiliko hilo inastahili kufuatwa kwa ukaribu. Kinda la njiwa huanguliwa likiwa karibu uchi, na mfugaji hawezi kujua kwa macho kama litakuwa na kishungi. Inabidi asubiri mpaka manyoya yaote. Lakini ndani ya yai, siku nyingi kabla, ngozi ya kiinitete imekwisha kuota vipele vidogo vilivyopangika kwa safu, na kila kipele ni chipukizi la unyoya mmoja. Chipukizi hilo lina upande wa mbele na wa nyuma hata kabla halijainama, kwa sababu baadhi ya jeni hufanya kazi upande mmoja na si upande mwingine, na hapo ndipo unapoamuliwa uelekeo ambao unyoya utalala maisha yote ya ndege. Watafiti walipozitazama ngozi za viinitete vya njiwa wenye vishungi, waliona kwamba kisogoni alama hizo zimegeuka: kilichopaswa kuwa upande huu kiko upande ule. Unyoya haujapewa umbo jipya, urefu mpya wala rangi mpya. Umepewa mwelekeo mwingine tu, na mwelekeo huo umetokana na ishara ambayo haikufika kama ilivyozoea kufika.

Kutokana na hayo ni lazima kukiri kwamba hakuna kishungi ndani ya jeni ya kishungi, hata kidogo namna gani. Aliyefikiri kwamba katika njiwa wa kizazi cha kati kulikuwa na kishungi kilichokunjwa, kikisubiri kukunjuliwa, amekosea kwa namna ile ile waliyokosea wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 17 walioshikilia kwamba ndani ya kila yai mna kiumbe kamili aliye mdogo sana, na ndani yake mwingine, mpaka mwisho wa dunia. Aristotle alikuwa amekwisha kuonyesha njia bora zaidi alipoeleza mayai ya kuku yanayofunguliwa siku baada ya siku, ambamo katika siku ya tatu moyo huonekana kama tone la damu linalopiga huku viungo vingine vikiwa bado. Maana yake ni kwamba viungo havikuwapo vyote kwa udogo, vinatengenezwa kwa zamu. Alichokibeba njiwa wa kizazi cha kati ni nakala moja ya maandishi yaliyobadilika, iliyokaa pamoja na nyingine iliyo nzima. Na kwa kuwa ile nzima ilitosha kuipeleka ishara, manyoya yalilala kama kawaida. Hapa al-Nazzam ameshindwa, lakini ushindi hauwaendei wapinzani wake wote, kwani kitu fulani hakika kilipita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, kikahesabika, kikasomwa herufi kwa herufi, na bila hicho mjukuu asingekuwa na kishungi. Mfuasi wa al-Ghazali bado anaweza kusema kwamba hata upitaji huo ni desturi ya Mungu, na hakuna maabara itakayomkanusha. Ila anapaswa kukubali kwamba desturi yenyewe ina njia inayofuatika, na kwamba njia hiyo inapita ndani ya miili ya ndege.

Neno la Aristotle juu ya uwezekano linafaa hapa kuliko neno la maficho. Uwezekano kwake si kitu kidogo kilichojificha ndani ya kikubwa. Ni hali ya kuweza kuwa, ambayo haiwi ila pamoja na masharti yake. Kishungi kinahitaji nakala mbili zilizobadilika, ngozi inayojua kupanga manyoya, joto la wazazi wanaopokezana kulalia, na siku za kutosha ndani ya yai. Hakuna hata kimoja miongoni mwa hivyo ambacho ndicho kishungi.

Kutoka hapo swali la dini hurudi likiwa limekaza zaidi. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard na Mkristo wa Kipresbiteri, alikuwa mtetezi mkubwa wa Charles Darwin nchini Marekani, lakini alimsihi akubali kwamba mabadiliko yanayotokea katika viumbe yameongozwa na Mungu kwenye njia zenye manufaa. Darwin, ambaye tangu mwaka 1855 alikuwa akifuga njiwa nyumbani kwake na kujiunga na vyama viwili vya wafugaji wa London, alimjibu mwaka 1868 mwishoni mwa kitabu chake juu ya wanyama na mimea ya kufugwa, na jibu lake lilitoka kwa njiwa. Je, aliuliza kwa maana, Muumba alikusudia kwamba kifuko cha koo na manyoya ya mkia ya njiwa vibadilike ili mfugaji ajitengenezee ndege wa ajabu wa kumfurahisha? Kama jibu ni hapana kwa njiwa, ni kwa msingi gani litakuwa ndiyo kwa viumbe wengine, ilhali mabadiliko yao hayatofautiani na haya kwa namna yoyote inayoonekana? Darwin hakuuliza kwa dharau. Aliandika kama mtu aliyelemewa, na alikiri kwamba akifuata upande mmoja anakutana na uweza wa Mungu unaojua yote tangu awali, na akifuata upande mwingine anakutana na uhuru wa mambo kutokea. Akaacha fundo bila kulifungua.

Gray na Darwin wote wawili waliuliza kana kwamba baraka au kusudi lazima likae katika lile badiliko lenyewe, pale herufi ilipobadilika. Kosa lao ni la aina moja na la wale waliokitafuta kishungi ndani ya jeni. Badiliko la EphB2, likitazamwa peke yake, ni hitilafu: protini imepungukiwa na kazi yake. Mtu anayetaka kumwona Mungu akiiandika herufi hiyo kwa ajili ya uzuri wa Jacobin itambidi pia amwone akiandika mabadiliko mengine ya namna hiyo hiyo ambayo hayaleti uzuri bali maumivu. Mfano wake uko karibu, kwa bata wenye vishungi, ambao kishungi chao hutokana na sababu tofauti kabisa: huambatana mara kwa mara na kasoro za fuvu na ubongo, na kiinitete kilichorithi kwa baba na kwa mama hufa ndani ya yai. Njiwa wamesalimika na hayo. Kwao mgeuko umekomea kwenye manyoya. Lakini kusalimika huko hakukuandikwa mahali popote katika badiliko lenyewe. Kunatokana na mwili mzima, ambao ndani yake ishara ile ile ina kazi nyingi na njia nyingi za kufika, hata ikipotoka mahali pamoja mengine yaendelee. Imani inayotafuta hekima ya Muumba ingefanya vizuri kuitafuta huko, katika mpangilio unaoweza kupokea hitilafu bila kubomoka, kuliko katika kila hitilafu moja moja. Na hilo si kuipunguza imani, kwa kuwa wanaoamini katika dini hizi zote wamekiri daima kwamba Muumba ni wa vyote, si wa vipande.

Mwanadamu naye anayo sehemu yake ya kujibu. Badiliko lililotokea mara moja, likiachwa porini, lingetawanyika katika makundi na kukutana na nakala yake kwa nadra. Ni jicho la mfugaji lililolikamata, likaona pambo, likalitafutia mwenzi, na kisha, kwa baadhi ya aina, likaendelea kurefusha na kukaza mpaka ndege hawezi kuona pembeni. Wafugaji wa Jacobin hulazimika kuyakata manyoya ya shingo wakati wa kuzalisha ili ndege waweze kuonana na kulisha makinda. Katika jambo hili hukumu haina haja ya kusitasita: kishungi cha kawaida ni pambo ambalo ndege analibeba bila gharama, ila joho lililoziba macho ni pambo ambalo gharama yake inalipwa na mwingine, na dini zilizofundisha kwamba mnyama ni amana haziwezi kuyatazama haya mawili kwa jicho moja.

Mwaka 2015 kundi lile lile la watafiti wa Shapiro lilitoa habari nyingine ambayo ingemfurahisha al-Nazzam, japo kwa sababu asiyoitazamia. Walichunguza tetere wa kufugwa, ndege wa jamii ya njiwa aliyetengana naye kinasaba mamilioni ya miaka iliyopita, ambaye naye huwa na kishungi katika baadhi ya koo zake. Hakukuwa na mchanganyiko wa mbegu baina ya ndege hawa wawili ulioweza kukihamisha kishungi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Lakini kishungi cha tetere kilipofuatwa kilifikisha kwenye EphB2 tena, katika herufi nyingine tofauti. Matukio mawili yasiyojuana, katika koo mbili zilizoachana zamani, yamepita mlango mmoja na kuzaa umbo moja. Kwa hiyo kipo kitu ambacho kilikuwapo kwa ndege wote hawa kabla ya badiliko lolote, kwa wenye visogo laini kama kwa wengine, nacho ni ule mpango wa ngozi unaoruhusu manyoya ya kisogoni, na si ya bawa wala ya mkia, kugeuka kwa pamoja pale ishara moja inapolegea. Hicho hakimo katika jeni moja wala katika ndege mmoja. Njiwa asiye na kishungi, ambaye katika nasaba yake yote hakujawahi kuwa na kishungi, anacho sawasawa na Jacobin.